Somo la 14: Simbilisi na Dawa Tunazomeza



Jioni imefika. Moto umewashwa na moshi umejaa jikoni. Chini ya uchaga inasikika sauti nyembamba: wii, wii, wii. Wewe unajua ni nani. Ni simbilisi. Wamesikia majani yakikwaruza mkononi mwako, nao wanadai chakula chao.

Katika nyanda za juu kusini za nchi yetu familia nyingi hufuga simbilisi. Huwafuga jikoni kwa sababu pana joto, na usiku mbwa na paka hawawafikii. Simbilisi hahitaji zizi wala mchungaji. Hubeba mimba kwa miezi miwili na kidogo, kisha huzaa watoto wawili, watatu, hata wanne. Mtoto wa simbilisi huzaliwa na manyoya na macho yaliyofunguka. Siku chache tu, naye anatafuna majani. Mgeni akija ghafla na kuku hakuna, simbilisi wawili watatu huokoa aibu.

Usimchanganye simbilisi na pimbi, yule wa porini anayekaa kwenye miamba. Simbilisi hana asili ya Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, kwenye milima mirefu ya nchi kama Peru. Watu wa huko wamemfuga maelfu ya miaka, na mpaka leo wanamla. Waingereza walimpa jina lenye maana ya nguruwe wa Guinea. Si nguruwe, wala hakutoka Guinea. Majina ya wageni ndivyo yalivyo.

Somo letu la leo halihusu nyama ya simbilisi. Linahusu kazi nyingine ambayo mnyama huyu ameifanya kwa zaidi ya miaka 100. Kazi hiyo imefika mpaka zahanati yako, na imefika kwenye kadi ya mtoto wako.

MAMA NA MWANAWE

Tuseme yuko mama mmoja katika kijiji kisicho mbali na Tunduma. Hatutamtaja jina, maana anaweza kuwa yeyote kati yenu. Mama huyu amejifunza kusoma ukubwani, kama wewe. Mwanawe ni utingo wa lori linalopeleka mizigo Zambia.

Siku moja kijana alirudi nyumbani.

"Hodi mama."

"Karibu mwanangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

"Ni safari tu, mama. Lori limekaa kwenye foleni ya mpakani siku tano. Tunalala humo humo ndani, watu watatu."

Akakohoa. Usiku akakohoa tena, na asubuhi shuka lake lilikuwa limelowa jasho. Mama akamwuliza kikohozi kimeanza lini. Kijana akahesabu kwa vidole. Wiki ya nne.

Mama hakungoja. Walikwenda kituo cha afya, kijana akatoa makohozi, makohozi yakapimwa. Jibu likawa kifua kikuu. Mganga akamwambia asiogope: ugonjwa huu unapona, dawa ni bure, lakini lazima azimeze miezi 6 bila kuacha hata siku moja. Miezi 2 ya mwanzo atameza mchanganyiko wa dawa nne. Miezi 4 inayofuata atameza mchanganyiko wa dawa mbili.

Kabla hawajaondoka, akaja muuguzi mwingine na karatasi zilizobanwa pamoja. Alisema wapo watafiti wanaojaribu kama dawa mpya zinaweza kuponya kifua kikuu kwa miezi 4 badala ya 6. Wanatafuta wagonjwa wa kushiriki. Akasema, "Nendeni nazo nyumbani mkazisome. Hakuna haraka. Lakini dawa za kawaida asikawie kuzianza."

Njiani kijana akakasirika. "Mimi sikubali, mama. Wanataka kunifanya panya wa majaribio."

Sisi husema panya wa majaribio. Waingereza, wakitaka kusema jambo hilo hilo, hutaja simbilisi. Wana sababu yao. Tutaona mwisho mama alifanya nini na zile karatasi. Kwanza tujifunze maneno hayo yametoka wapi.

SIMBILISI WA BERLIN

Zamani watu hawakujua kifua kikuu kinaletwa na nini. Wengine walisema ni ugonjwa wa ukoo. Wengine walisema ni hewa mbaya au uchawi. Daktari mmoja Mjerumani, jina lake Robert Koch, aliona kwa darubini vijidudu vyembamba kama vijiti ndani ya mapafu ya wagonjwa. Lakini kuona hakutoshi. Ukimkuta mbuzi wako amekufa na nzi wamemjaa, huwezi kusema nzi ndio waliomwua. Koch alitakiwa kuthibitisha kwamba vijidudu vile ndivyo vinavyoleta ugonjwa.

Alivitoa vijidudu mwilini, akavikuza peke yake ndani ya chupa, akavitia katika miili ya simbilisi wazima. Simbilisi wakaugua. Alipowapasua akakuta kifua kikuu, na ndani yake vijidudu vile vile. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza habari hiyo mjini Berlin. Ndiyo maana mpaka leo tarehe 24 Machi ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Kwa nini alitumia simbilisi, asitumie mbuzi au kuku? Simbilisi ni mdogo, mpole, hang'ati ovyo, anazaa haraka, na hali chakula cha gharama. Hayo wewe mfugaji unayajua. Kuna jambo jingine ambalo Koch na wenzake waliligundua: simbilisi ni dhaifu sana mbele ya kifua kikuu. Vijidudu vichache tu humtosha. Panya wengi hustahimili, simbilisi hawezi. Kwa hiyo daktari akiwa na shaka kama makohozi yana ugonjwa, aliweza kumdunga simbilisi na kungoja. Njia hiyo ya kupima ilitumika katika hospitali za nchi nyingi kwa miaka mingi.

SIMBILISI WA DARINI

Sasa soma habari hii polepole, maana inahusu nyumba unayolala.

Hata baada ya Koch, madaktari walibishana jambo moja. Kifua kikuu kinapitaje kutoka kwa mtu hadi mtu? Ni kwa kikombe? Ni kwa mate yaliyodondoka chini? Ni kwa vumbi la shuka? Au ni kwa hewa tu?

Wamarekani wawili, William Wells na Richard Riley, walitafuta jibu katika hospitali moja ya mji wa Baltimore. Walianza mwaka 1956. Walichukua wodi yenye vyumba 6 vya wagonjwa wa kifua kikuu. Waliziba pale hewa inapoweza kutoroka, wakaweka mabomba ya kuvuta hewa ya vyumba hivyo na kuipeleka juu, darini. Huko darini waliweka simbilisi wapatao 150.

Angalia walivyofanya. Simbilisi hawakumwona mgonjwa. Hawakugusa kikombe chake wala shuka lake. Hawakulala naye. Kitu kimoja tu kiliwafikia kutoka kwa wagonjwa, nacho ni hewa.

Kila mwezi simbilisi walipimwa. Na kila mwezi walipatikana walioambukizwa, kwa wastani kama watatu. Ubishi ukaisha. Kifua kikuu kinasafiri kwa hewa.

Wells na Riley hawakuishia hapo. Waligawa hewa sehemu mbili. Sehemu moja waliipitisha kwanza kwenye taa zenye mionzi inayoitwa urujuanimno, mionzi ambayo imo pia ndani ya mwanga wa jua. Simbilisi waliopata hewa iliyopita kwenye taa hawakuambukizwa hata mmoja. Wale wengine waliendelea kuambukizwa. Tena watafiti waliona kwamba wagonjwa waliokwisha anza kumeza dawa zinazowafaa waliambukiza kidogo sana kuliko wale ambao hawajaanza, au wale ambao vijidudu vyao vimekuwa sugu.

Miaka mingi baadaye kazi kama hiyo ilifanyika mjini Lima, nchini Peru. Simbilisi wakawekwa juu ya paa la hospitali, katika nchi yao ya asili. Watafiti wa huko walipima pia hewa katika hospitali mbalimbali. Hospitali za kizamani, zenye dari refu na madirisha makubwa yaliyo wazi, zilipitisha hewa vizuri zaidi kuliko majengo mengi mapya. Dirisha halina gharama ya umeme.

Sasa rudi kwetu. Mbozi kuna baridi, hasa mwezi wa Juni na Julai. Tunafunga dirisha, tunaziba na gunia, tunalala watoto watano chumba kimoja. Tunduma malori yamepanga foleni, na madereva na utingo wamelala ndani vioo vikiwa vimepandishwa. Katika machimbo ya dhahabu ya wilaya ya Songwe vijana wanajazana kwenye vibanda vya maturubai, na vumbi la mawe limekwisha kuwadhoofisha mapafu. Kila mahali pa namna hiyo ni kama dari la Baltimore, ila waliomo ni watu.

Yule mama wa Tunduma alipofika nyumbani alitoa gunia dirishani. Alimhamishia mwanawe chumba cha pembeni chenye dirisha mbili. Vikombe hakuvitenga, kwa sababu muuguzi alimweleza kuwa hewa ndiyo yenye hatari. Nasema hivi makusudi. Wapo watu wanaomtenga mgonjwa sahani na kijiko mpaka anaona haya kula, na huku wamefunga madirisha yote.

DAWA YA KWANZA

Kujua ugonjwa unavyopita ni jambo moja. Kuuponya ni jingine. Tangu Koch atangaze mwaka 1882, miaka 60 ilipita bila dawa ya kweli. Wagonjwa walilazwa penye hewa safi, wakala vizuri, wakangoja.

Mwaka 1943 kijana mmoja Mmarekani, Albert Schatz, alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Profesa Selman Waksman. Alikuwa akichunguza viumbe vidogo vya kwenye udongo. Ndiyo, udongo kama huu tunaoulima. Akapata kiumbe kinachotoa kitu cha kuua vijidudu vya kifua kikuu ndani ya chupa. Kitu hicho kikaitwa streptomaisini.

Lakini ndani ya chupa si ndani ya mwili. Hata majivu ya moto yanaua vijidudu, na huwezi kumwingiza mtu majivu ya moto kifuani. Mwaka 1944 madaktari William Feldman na Corwin Hinshaw wa hospitali ya Mayo waliwapa simbilisi kifua kikuu, kisha wakawatibu baadhi yao kwa streptomaisini. Wasiotibiwa waliharibika mapafu na maini. Waliotibiwa walipata nafuu kubwa. Baada ya hapo ndipo dawa ikapewa wagonjwa, kwanza wachache, kisha wengi.

Wazee wetu wanaikumbuka dawa hiyo. Ilikuwa sindano ya kila siku, nayo iliuma. Mtu alitembea kwenda zahanati mpaka makalio yakafanya uvimbe. Tena matibabu ya zamani yalikuwa marefu, mwaka mzima na hata miezi 18, kwa hiyo wengi waliacha katikati.

Nani aliyefupisha miezi 18 ikawa 6? Kuanzia mwaka 1970, katika hospitali za Afrika Mashariki, watafiti wa hapa wakishirikiana na Waingereza walilinganisha matibabu. Kundi moja la wagonjwa lilipewa dawa za miezi 18. Makundi mengine yalipewa dawa za miezi 6, mojawapo likiwa na dawa mpya wakati huo iitwayo rifampisini. Waliopata rifampisini kwa miezi 6 walipona sawa na wale wa miezi 18. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Dawa za miezi 6 zinazotolewa leo duniani, kutoka Tunduma mpaka India, zimetokana kwa sehemu kubwa na wagonjwa wale wa Afrika Mashariki.

Hata utaratibu wa kuwafuata wagonjwa mpaka wamalize dawa ulikomazwa hapa Tanzania. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977. Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, alifanya kazi nao bega kwa bega. Baadaye Shirika la Afya Duniani likauchukua utaratibu huo na kuzieneza nchi nyingine. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba maarifa yote hutoka Ulaya, mwonyeshe kidonge cha kifua kikuu.

SIMBILISI SI MTU

Hapa tusimame kidogo. Je, dawa ikimponya simbilisi, itamponya mtu? La, si lazima.

Yule yule Koch aliteleza hapo. Mwaka 1890 alitangaza kwamba amepata kitu cha kuzuia kifua kikuu katika simbilisi. Kiliitwa tuberkulini. Alikificha kilivyotengenezwa. Wagonjwa walikimbilia Berlin kutoka nchi za mbali, wakadungwa. Hawakupona, na baadhi walikufa upesi zaidi. Leo tuberkulini hutumika tu kupima kwenye ngozi kama mtu ana maambukizo.

Na kinyume chake pia ni kweli. Penisilini imeokoa mamilioni ya watu. Lakini ukimpa simbilisi penisilini, mara nyingi anakufa, kwa sababu inaua vijidudu vizuri vya tumboni mwake vinavyomsaidia kusaga majani. Wale Waingereza wa Oxford walioijaribu penisilini mwaka 1940 walitumia panya wadogo. Wangeanza na simbilisi, huenda wangeimwaga wakidhani ni sumu. (Nawe mfugaji kumbuka: usimdunge simbilisi wako penisilini ya ng'ombe.)

Kwa hiyo baada ya wanyama lazima watu wajaribiwe. Hakuna njia nyingine. Ugumu upo hapo, na hapo ndipo watu weusi waliumizwa.

Mwaka 1906 Koch alikuja tena Afrika Mashariki, safari hii kwa ajili ya malale. Ugonjwa huo ulikuwa unamaliza watu kandokando ya Ziwa Viktoria. Alipiga kambi katika visiwa vya Sese, nchini Uganda. Wagonjwa walimjia kwa wingi. Aliwadunga atoksili, dawa yenye arseniki, ambayo ni sumu. Mwanzoni walipata nafuu. Vijidudu viliporudi katika damu, akaongeza dozi. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka, wasione tena maisha yao yote. Ndipo dozi kubwa ikaachwa.

Karatasi ya ridhaa kama ya leo haikuwapo Sese. Watu wale walikuwa wanakufa, walikuwa chini ya wakoloni, na hawakuwa na mahali pa kuuliza. Wengine watasema Koch alikuwa na nia njema. Huenda. Lakini nia njema ya daktari haimrudishii mtu macho yake.

Ulaya nako mambo mabaya zaidi yalifanyika wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndani ya kambi za wafungwa za Hitler. Baada ya vita madaktari waliohusika walishitakiwa mjini Nuremberg. Mwaka 1947 mahakama ikaandika kanuni, na ya kwanza yake ni hii: ridhaa ya mtu mwenyewe ni lazima. Mwaka 1964 chama cha madaktari wa dunia kikatoa kanuni nyingine mjini Helsinki.

KAZI NYINGINE ZA SIMBILISI

Tutaje chache upesi.

Kwenye kadi ya mtoto kuna chanjo anayopewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ndani yake imo kinga ya dondakoo. Dondakoo liliwahi kuziba koo za watoto wengi mpaka wakafa. Kinga ya sumu ya dondakoo ilitafutwa kwa simbilisi miaka ya 1890, na aliyeongoza kazi hiyo, Emil von Behring, alipata tuzo ya Nobel mwaka 1901. Kwa miaka mingi kila mkupuo wa chanjo hiyo ulipimwa nguvu kwa simbilisi kabla ya kutoka kiwandani.

Mirija ya hewa ya simbilisi hubana kama ya mtu mwenye pumu. Kwa hiyo dawa nyingi za pumu na za mzio zilipimwa kwake. Hata kipande cha utumbo wake, kikiwekwa ndani ya maji yenye chumvi na joto la mwili, huendelea kujikunja na kujikunjua. Mtafiti hudondosha dawa, akaangalia utumbo unajikunja au unatulia.

Na kuna habari ya kiseyeye. Mwaka 1907 Wanorwe wawili, Holst na Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu. Simbilisi wakavimba fizi, wakatoka damu, viungo vikauma. Walipopewa kabichi walipona. Sababu ni hii: ng'ombe, mbuzi, kuku na panya hujitengenezea vitamini C mwilini. Mtu hawezi. Simbilisi naye hawezi. Hapo yeye na wewe ni ndugu. Ukimfungia ndani na kumpa pumba peke yake, atadhoofika na kufa, nawe utasema ni kideri. Mpe majani mabichi kila siku. Watoto nao wape mchicha, mapapai na machungwa.

Huenda mtu akauliza: si ukatili huu? Simbilisi waliumizwa na kuuawa, wala hawakuulizwa. Mimi naona swali hilo ni la haki. Wewe unapomchinja simbilisi kwa kitoweo humtesi kwanza siku 40. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika kwamba mtafiti apunguze idadi ya wanyama, apunguze maumivu yao, na pakiwa na njia nyingine aitumie hiyo. Siku hizi simbilisi hutumika kidogo kuliko zamani. Makohozi yanapimwa kwa darubini na kwa mashine. Na huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wamefundishwa kunusa makohozi yenye kifua kikuu bila kuchinjwa wala kuambukizwa.

KARATASI ZA MAMA

Turudi Tunduma. Usiku ule mama alikaa karibu na taa na zile karatasi. Zilikuwa za Kiswahili. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Maneno mengine yalimshinda, akayapigia alama.

Karatasi ilisema utafiti umepata kibali. Tanzania hakuna ruhusa ya kumjaribu mtu dawa bila kibali. Kamati ya kitaifa ya maadili ya utafiti wa afya iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa mwaka 1979 na yenye kituo pia mjini Mbeya. Dawa mpya za majaribio husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mama akatafuta namba ya kibali, akaiona.

Karatasi ilisema wagonjwa watagawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Ilisema dawa mpya zimekwisha jaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu wachache wazima, kisha kwa wagonjwa wachache. Ilitaja madhara: ini linaweza kuumia. Ilisema mshiriki anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na bado atatibiwa kwa dawa za kawaida.

Kijana akasema, "Mama, weka chini. Nimekwambia sikubali."

"Kukataa ni haki yako, mwanangu. Lakini ukatae kwa kujua. Simbilisi hakusomewa karatasi. Wewe umesomewa."

Kijana akanyamaza. Halafu akauliza, "Na ini likiumia, nani atanitibu? Imeandikwa?"

Mama akarudi ukurasa wa tatu. Iliandikwa kwamba atatibiwa, lakini haikusema kwa muda gani wala nani atalipa nauli. Akachukua daftari lake la kisomo, na chini ya zoezi la juma lililopita akaandika kwa herufi kubwa maswali ya kumwuliza muuguzi:

Ini likiumia mtatibu mpaka lini?
Nauli ya kwenda kupimwa nani analipa?
Damu mnayochukua ni kiasi gani, na mnaipeleka wapi?
Akisafiri na lori kwenda Zambia dawa atazipata wapi?
Dawa ikifaulu, sisi wa hapa tutaipata?

Asubuhi kijana alimeza vidonge vyake vya siku ya pili, kwa uji. Mama akawatupia simbilisi majani ya viazi, akajifunga khanga, akachukua daftari, wakatoka.

KAZI YA DARASA

Someni tena maswali matano ya mama. Kila mmoja aongeze swali moja ambalo yeye angeuliza, aliandike ubaoni. Kisha someni kwa sauti sehemu ya "Simbilisi wa Darini", na kila mmoja aseme chumba anacholala kina dirisha ngapi, na usiku wa jana lilikuwa wazi au limefungwa.